Hivi nani aliwaambia kukaa upande ndiyo heshima?

Kimya changu mlaumuni fildi. Leo nina la moyoni, atakayenuna anune.

Kuna hii kauli kwamba mwanamke anayejiheshimu akipanda bodaboda anakaa upande, miguu yote kushoto, mkoba mapajani. Akikaa kiume eti hajatulia. Nimeisikia mtaani, nimeisikia hapa hosteli, na mbaya zaidi nimeisikia kwenye ofisi ya walimu kule nilikopangwa, wanafunzi wakiwa mlangoni. Na msumari wa mwisho huwa ni huu: mbona hata malkia wa Uingereza alikuwa anapanda farasi upande?

Sawa, tumzungumzie huyo malkia.

Kweli Elizabeth II alikaa upande kwenye gwaride la kila Juni pale London, hadi 1986. Juni 1981 kijana mmoja alifyatua risasi baridi sita karibu naye. Farasi wake, Burmese, akashtuka, malkia akamtuliza, hakuanguka. Sasa nyie hapo mnaona heshima, mimi naona tandiko! (Na akiwa kwake Windsor kwenye matembezi yake, alikaa kiume. Picha zipo tele.)

Tandiko la upande lina pembe mbili. Paja la kulia linaikumbatia ya juu, la kushoto linabana chini ya ile ya pili, ambayo ilienea kuanzia miaka ya 1830. Mguu wa kushoto una kikuku chake. Kulia hakuna mguu, kwa hiyo mpandaji anashika fimbo ya kumgusa farasi ubavu huo. Anayejifunza anaimbiwa wimbo mmoja: uzito weka kwenye paja la kulia, mabega yatazame mbele, mgongo ukae katikati ya farasi. Yaani miguu iko upande, kiwiliwili kiko mbele. Kabla ya ufundi huo mwanamke alikalishwa kama mzigo na mtu mwingine akamvuta farasi. Na hata pembe zilipokuja, sketi zilikuwa zinanasa humo, mtu akianguka anaburutwa, mpaka mwishoni mwa karne ya 19 zikabuniwa sketi za kuachia zenyewe.

Haya, nionyesheni pembe za bodaboda. Hakuna! Mkono mmoja umeshika koti la dereva, wa pili unazuia sketi isipeperuke, khanga inacheza karibu na gurudumu. Dereva akikwepa shimo, wewe unabaki umeshika nini? Tumechukua mkao, vifaa tukaviacha, halafu tukauita adabu.

Wenyewe Waingereza wanatucheka. Sheria yao ya barabara ya 1988 inamtaka abiria wa pikipiki akae mguu huku, mguu huku, kwenye kiti chake. Na Olimpiki ya Helsinki 1952, mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kwenye mashindano ya farasi, Lis Hartel wa Denmark alichukua medali ya fedha. Alikuwa amepooza miguu chini ya magoti kwa polio, na alikaa kiume. Nani alimuuliza habari za kutulia?

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na wanaojifunza kupanda farasi upande. Wale dada wa Mexico wanaocheza escaramuza, wanane wanapishana mbio na magauni yao mapana, nawavulia kofia. Lakini wamechagua, wamefundishwa, na tandiko wanalo.

Mimi sikuchagua. Kule fildi mwalimu wa kike suruali ni mwiko, sketi iwe chini ya goti, na kutoka barabara kuu hadi shuleni hakuna daladala. Aliyetunga sharti hilo anakuja na gari. Wenzangu wa kiume wanarukia boda na kufika wamekunjua magazeti, sisi tunafika tumekaza shingo kama tumebeba mtungi.

Kwa hiyo mimi ni sketi pana, taiti ndani, helmeti kichwani, nakaa kiume. Mkuu akitaka kuniita ofisini aniite, lakini aanze kwa kunijibu kuhusu zile pembe.