Simulizi za Wakulima Weusi wa Marekani ni Ushahidi

Mwaka 1999, mkulima Mweusi wa Mississippi au Alabama aliyetaka kulipwa fidia na Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa njia ya haraka alipewa sharti moja gumu. Alitakiwa amtaje mkulima mzungu wa eneo lake, mwenye hali inayolingana na yake, aliyeomba mkopo kama wake akapewa ilhali yeye alinyimwa au alicheleweshewa. Majalada ya mikopo ya mzungu huyo yalikuwa kabatini mwa wizara ileile iliyokuwa inashtakiwa. Mkulima alibaki na kichwa chake tu: kukumbuka jirani gani alipata fedha za mbegu mapema, na yeye mwenyewe alizipata lini, msimu wa kupanda ukiwa umekwisha kupita.

Sharti hilo lilitokana na makubaliano ya kesi ya Pigford dhidi ya Glickman, iliyofunguliwa mwaka 1997 na Timothy Pigford, mkulima wa North Carolina, pamoja na wenzake. Malalamiko yao hayakuwa mapya. Ofisi ya wizara iliyopaswa kuchunguza madai ya ubaguzi ilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Barua ziliendelea kutumwa, zikapokewa, zikalala. Ilipofika wakati wa kwenda mahakamani, muda wa kisheria wa kushtaki ulikuwa umewapita wengi, ikabidi Bunge la nchi hiyo liuondoe ukomo huo mwaka 1998. Kati ya waombaji zaidi ya 22,000 waliokubaliwa kusikilizwa, kama 15,000 hivi walishinda, wengi wao wakilipwa dola 50,000 kila mmoja. Makumi ya maelfu waliochelewa kuomba walisubiri hadi mwaka 2010, serikali ilipokubali kutenga dola bilioni 1.25 kwa awamu ya pili. Wapo waliofariki wakiwa bado wanasubiri.

Nimeanza na kesi hii kwa sababu inatuonyesha thamani halisi ya maneno ya mkulima. Siku hizi simulizi za wakulima Weusi wa Marekani zinapendwa. Zimo katika vitabu kama Farming While Black cha Leah Penniman, mmoja wa waanzilishi wa shamba la Soul Fire jimboni New York, kilichotoka mwaka 2018, na We Are Each Other's Harvest cha Natalie Baszile cha mwaka 2021. Zimo katika filamu na kwenye mikutano ambako wazee wa Kusini hukaa meza moja na vijana wanaolima viwanja vilivyoachwa mijini. Hadhira hulia, hupiga makofi, hununua kitabu. Wapo wanaosema inatosha sasa, yaliyopita si ndwele. Wapo wanaosema kusimulia kwenyewe ni tiba na hakuhitaji matokeo mengine. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya pande hizo mbili. Simulizi hizi ni ushahidi wa mali iliyochukuliwa, na ushahidi una adabu yake: huhifadhiwa, huhakikiwa, kisha hufuatwa na hukumu.

Tuziangalie takwimu kwa uadilifu. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima Weusi wapatao 925,000. Leo hawafiki 50,000. Mtu mwenye shaka atasema kilimo kizima cha nchi hiyo kilipungua, na kweli kilipungua: mashamba yalikuwa zaidi ya milioni sita mwaka ule, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu kama milioni 1.9. Trekta liliondoa watu shambani, fukusi wa pamba alikula mazao ya wazungu na Weusi bila kubagua, na viwanda vya Chicago na Detroit viliita kila mwenye mikono. Hata hivyo, mashamba yote kwa jumla yalipungua kwa asilimia 70 hivi, na wakulima Weusi kwa asilimia 95. Tofauti iliyopo kati ya namba hizo mbili haielezwi na trekta wala fukusi. Inaelezwa na wakulima wenyewe, maana wao ndio waliokaa kwenye viti vya ofisi za mikopo wakipigwa danadana.

Njia nyingine ya kupoteza ardhi ilikuwa ya kimya zaidi. Familia nyingi za Weusi wa Kusini hazikuandika wosia, kwa kuwa hazikuwa na wakili wala imani na mahakama za wazungu. Babu alipofariki, shamba likawa la watoto wote, kisha la wajukuu wote, bila mgawanyo na bila hati yenye majina yao. Mfanyabiashara akimpata mjukuu mmoja aliyehamia kaskazini, ambaye hajawahi hata kulikanyaga shamba hilo, alinunua fungu lake dogo. Kwa fungu hilo alipata haki ya kwenda mahakamani kudai ardhi yote iuzwe kwa mnada. Aliyekuwa analima pale kila siku aliamka na kukuta nyumba yake inanadiwa. Msomaji wa Kiswahili ambaye shamba la ukoo wao bado lina jina la marehemu hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Profesa wa sheria Thomas Mitchell aliongoza uandishi wa sheria ya mfano iliyopitishwa mwaka 2010, inayowapa ndugu nafasi ya kwanza ya kununua fungu hilo na kuwalinda dhidi ya mnada wa bei ya kutupa. Majimbo zaidi ya 20 yameikubali. Sheria hiyo isingeandikwa kama watu wasingesimulia, familia moja baada ya nyingine, jinsi walivyoondolewa.

Ipo simulizi moja ambayo kwangu inabeba suala hili lote. Baada ya watu Weusi wa kusini-magharibi mwa Georgia kufukuzwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura, wanaharakati wakiwemo Charles Sherrod na mkewe Shirley walianzisha shamba la pamoja la New Communities mwaka 1969 katika kaunti ya Lee. Walinunua kiasi cha ekari 5,700, ardhi kubwa kuliko zote zilizomilikiwa na Weusi nchini humo wakati ule, iwe ya jamii nzima ili asitokee mtu mmoja wa kuiuza. Shirley alijua gharama ya kubaki Georgia. Baba yake, Hosie Miller, aliuawa kwa risasi na mkulima mzungu mwaka 1965, na baraza la mahakama la wazungu watupu halikumfungulia muuaji mashtaka.

Waliahidiwa fedha za serikali kuu za kujenga makazi, gavana Lester Maddox akazizuia. Wakalima hivyohivyo. Ukame ulipokuja, majirani wazungu walipata mikopo ya dharura. Wao walikawizwa miaka, na mkopo ulipotoka ulikuja na masharti mazito. Mwaka 1985 shamba lote likachukuliwa kwa deni. Miaka 24 baadaye, mwaka 2009, mfumo uleule wa Pigford uliamua kwamba walibaguliwa, wakapewa kiasi cha dola milioni 12. Mwaka 2011 walinunua ekari zipatazo 1,600 karibu na mji wa Albany, ardhi ambayo zamani ilikuwa ya mmoja wa wamiliki wakubwa wa watumwa Georgia, na leo wanavuna njugu za pekani hapo na kufundisha wakulima wengine. Wapo watakaoisoma habari hii kama ushindi mtamu. Mimi naiona kama kipimo: watu waliokuwa na uongozi, nyaraka na mawakili walihitaji robo karne kurudishiwa ardhi isiyofika theluthi ya ile waliyopoteza. Mkulima wa ekari 40 aliyekuwa peke yake alifanyaje?

Na ni Shirley Sherrod huyohuyo aliyeonja hatari ya simulizi kukatwa. Mwaka 2010 alikuwa mkurugenzi wa maendeleo vijijini wa Wizara ya Kilimo jimboni Georgia. Katika mkutano wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alieleza jinsi, miaka mingi nyuma, alivyosita kumsaidia mkulima mzungu aliyekuwa anapoteza shamba, kisha akatambua kwamba umaskini unawaonea wote, akampigania mpaka shamba likaokolewa. Mtu mmoja akachukua kipande cha kusita, akaacha cha kuokoa, akakisambaza. Julai mwaka huo alilazimishwa kujiuzulu kabla ya wakubwa wake kuitazama video nzima. Familia ya mkulima yule mzungu ndiyo iliyojitokeza kumtetea, na wizara ikaomba radhi. Ndiyo maana nasema simulizi isiachwe ielee hewani. Iwekwe nzima, na tarehe zake na majina yake, mahali ambapo aliyeitoa anaweza kuirejea.

Wapinzani wa fidia wana hoja moja inayostahili kujibiwa kwa heshima. Mwaka 2021 Bunge lilitenga takriban dola bilioni 4 kufuta madeni ya wakulima Weusi, Wenyeji wa Asili, Walatino na Waasia. Wakulima wazungu wakashtaki, na Juni mwaka huo jaji wa Florida akasimamisha malipo nchi nzima. Hoja ilikuwa kwamba mpango ulimsaidia mtu kwa rangi yake bila kuuliza kama yeye binafsi alibaguliwa. Kisheria hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa katiba inamlinda kila raia. Kihistoria inaumiza, maana wizara ilipokuwa inanyima mikopo haikumchunguza mtu mmojammoja. Ilitazama rangi, basi.

Mwaka 2022 mpango ukafutwa, ukaja mwingine wa kulipa watu wa rangi yoyote waliobaguliwa na wizara, kila mmoja akieleza yaliyompata. Simulizi ikarudi kuwa tiketi. Julai 2024 watu zaidi ya 43,000 walilipwa jumla ya dola bilioni 2 hivi, Mississippi na Alabama zikiongoza kwa waliopokea. Waliokuwa na mashamba walipata kati ya dola 10,000 na 500,000. Waliotaka kulima wakazuiwa hata kuanza walipata kati ya 3,500 na 6,000. Kwa fedha hiyo, aliyenyimwa maisha ya kilimo hanunui hata trekta kuukuu. Mwaka uliofuata wizara ikatangaza kwamba haitatumia tena rangi wala jinsia kama kigezo katika mipango yake. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi mbaya, kwa sababu unalifunga jalada ambalo nusu ya kurasa zake hazijasomwa.

Upande wa chakula wenyewe, historia inafundisha jambo ambalo watetezi wa haki ya chakula hawachoki kulirudia: njaa ilitumika kama rungu la siasa. Kipupwe cha 1962 kuingia 1963, viongozi wa kaunti ya Leflore, Mississippi, walisitisha mgao wa chakula cha serikali uliokuwa unawafikia watu wapatao 22,000, hapohapo watu Weusi walipokuwa wanahimizwa kujiandikisha kupiga kura. Mwanaharakati Fannie Lou Hamer, aliyefukuzwa kwenye shamba alilofanyia kazi miaka 18 kwa kujaribu kujiandikisha, alielewa somo hilo. Alianzisha Freedom Farm katika kaunti ya Sunflower na kile kilichoitwa benki ya nguruwe. Familia ilipewa nguruwe jike, akizaa inarudisha majike wawili kwa ajili ya familia nyingine. Mtu mwenye nyama na mboga zake hatishwi kwa gunia la unga.

Wazo hilo liko hai Detroit, ambako mtandao ulioanzishwa mwaka 2006 na Malik Yakini na wenzake unalima D-Town Farm ndani ya bustani ya umma ya Rouge, na mwaka 2024 ukafanikisha kufunguliwa kwa duka la ushirika la chakula linalomilikiwa na wanachama wake, wengi wao Weusi. Wakulima wengine wa mbegu wamejiunga katika ushirika walioupa jina la Kiswahili, Ujamaa. Nawaheshimu sana. Lakini bustani iliyo juu ya ardhi ya jiji inaishi kwa hisani ya jiji, na meya hubadilika. Duka la ushirika ni hatua nzito zaidi kwa kuwa lina wanahisa, hesabu na mlango wenye ufunguo wao wenyewe.

Kwa hiyo ningependa mikutano ya wakulima hawa iendelee, ila ibadilishwe. Mzee akisimama kueleza jinsi shamba la baba yake lilivyokwenda, awepo mtu wa kurekodi maneno yote, wa kutafuta hati katika ofisi ya kaunti, na wa kumuuliza kama yeye mwenyewe ameandika wosia. Vyuo na wachapishaji wanaojipatia sifa kwa simulizi hizi wagharimie kazi hiyo. Na wizara ifungue majalada yake ya mikopo ya tangu miaka ya 1960, ili watoto wa waliofariki wakisubiri waweze kulinganisha aliyopewa jirani na aliyonyimwa baba yao.

Mkutano ujao wa wakulima hawa uwe na meza ya wakili wa mirathi mlangoni, na asiondoke mtu mwenye ardhi kabla hajaipitia.