Mtoto Anayejikuna Usiku

Juma hili tuseme juu ya upele. Wengi hucheka wakisikia neno hilo. Husema, ni ugonjwa wa watoto, utakwisha wenyewe. Lakini huku kwetu Kibondo na Kasulu wako watoto wanaokaa nao mwaka mzima. Mvua zikianza, baridi ya milimani ikazidi, watoto wanne hujibanza chini ya blanketi moja, na aliyekuwa nao peke yake huwagawia wenziwe.

Nilimjua kijana mmoja wa darasa la tatu, upande wa Kibondo. Mwalimu wake alimwona mvivu, kwa kuwa kila asubuhi alisinzia juu ya dawati. Alichapwa kwa ajili hiyo. Hakuna aliyemwuliza amelalaje usiku. Upele huwasha zaidi usiku, mwili ukipata joto. Basi alijikuna mpaka jogoo la kwanza. Wenzake walipoona vidole vyake wakakataa kukaa naye, wakampa jina ambalo sitaliandika hapa. Mpira akauacha. Mtoni alikwenda kuoga peke yake, wengine wakiisha ondoka. Mwisho akaacha shule, akachunga mbuzi. Mbuzi hawamcheki mtu.

Mwaka 1995 waganga wawili wa huko Wales, Lewis-Jones na Finlay, walitunga maswali kumi ya kumwuliza mtoto mwenye ugonjwa wa ngozi juu ya juma lililopita. Je, ngozi imekuwasha au kukuuma? Umeona haya? Imekuharibia urafiki? Umevaa nguo nyingine kwa ajili yake? Imekuzuia kucheza? Kuogelea? Masomo yamekwendaje? Wamekuita majina? Umelala? Na dawa yenyewe, imekusumbua? Kila jibu hupewa alama tangu 0 hata 3, na mwisho wake ni 30. Tazameni: swali la kuwashwa na kuumwa ni moja tu. Tisa yaliyobaki ni ya maisha ya mtoto. Kijana wetu nadhani angezipata karibu alama zote, na nyumbani kwake walijua lile moja tu. Mwulizeni mtoto wenu maswali hayo jioni, mkiwa jikoni, bila kumgombeza.

Sasa, upele hautokani na damu chafu, wala haukurogwa. Ni kidudu kidogo mno. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Ajabu ni kwamba mgonjwa wa kawaida huwa na vidudu kumi au kumi na vitano tu mwili mzima; kuwashwa kote huko ni mwili unaovikataa. Tena aliyeambukizwa mara ya kwanza aweza kukaa majuma manne hata sita asisikie kitu, huku akiwaambukiza wengine. Ndiyo sababu kumtibu mtoto mmoja ni kazi bure.

Katika dispensari nyingi hutumika dawa nyeupe ya maji iitwayo BBE. Watu wote wa nyumba hupakwa jioni ile ile, wanaowashwa na wasiowashwa, tangu shingo mpaka nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha. Dawa ya watoto hupunguzwa ukali, na wachanga hupewa marhamu ya salfa. Mwulizeni mwuguzi kipimo na siku ya kurudia. Nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungeni ndani ya mfuko juma zima. Mtoto akiendelea kuwashwa majuma mawili au zaidi, msidhani dawa imeshindwa. Mwili haujatulia bado. Lakini vidonda vikitunga usaha, uso ukavimba, mkojo ukawa kama chai, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, maana figo zimeguswa.

Na tafadhali, msimpake mtoto mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nimeona ngozi iliyochubuka kwa hayo, na upele bado upo.

Si kila kinachoonekana ni upele. Mapunye ya kichwani hukaa ndani ya shina la nywele, hayasikii marhamu. Hutaka vidonge vya majuma kadhaa. Baka lililopauka, lisilowasha wala kusikia ncha ya sindano, laweza kuwa ukoma, nao una dawa ya bure inayouponya kabisa. Na mtoto mwenye ualbino, kama wale waliopata hifadhi Kabanga, Kasulu, baada ya mauaji ya miaka ile ya 2007 na 2008, jua ndilo adui wa ngozi yake: apewe kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni.

Yule kijana, mama yake alipoelezwa hayo aliwapaka watu tisa jioni moja. Bibi wa nyumba alikataa. "Mimi siwashwi," alisema. Kumbe wajukuu watatu walilala kitandani mwake. Akapakwa wa mwisho, akinung'unika juu ya harufu ya dawa. Muhula uliofuata mbuzi walipata mchungaji mwingine.