Kiswahili Kisiishie Kwenye Menyu

Mgala muue na haki yake umpe. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, waliodai kwamba Kiswahili hakiimudu teknolojia walipata jibu. Hata hivyo, kutafsiri menyu ni hatua ya kwanza tu. Kazi nzito ni kueleza na kuonya.

Mathalani, Linux ina programu ndogo iitwayo hdparm, ambayo hurekebisha utendaji wa diski kuu. Kwa kuwa marekebisho mengi hupotea tarakilishi inapozimwa, watumiaji wa Debian huyaandika katika faili ya /etc/hdparm.conf ili yatekelezwe kila inapowashwa. Humo, tarakimu zina sarufi yake. Katika kupanga muda ambao diski itakaa bila kazi kabla ya kuacha kuzunguka, kuanzia 1 hadi 240 kila nambari huhesabiwa kwa sekunde 5. Hivyo 240 ni dakika 20. Kufikia 241, kipimo hugeuka: 241 ni nusu saa, na 242 ni saa nzima. Asiyeelezwa atakosea.

Kuna makosa mazito zaidi. Enzi za viendeshi vya zamani vya IDE, vilivyoondolewa katika Linux 5.14 mwaka 2021, swichi ya -u1 ilifanya tarakilishi iitikie upesi zaidi. Lakini mwongozo ulionya vikali kwamba kwa baadhi ya diski ingeweza kuvuruga mfumo wote wa faili. Onyo hilo lilikuwa la Kiingereza. Aliyenakili amri bila kulielewa alihatarisha kila alichohifadhi, hata tasnifu ya miaka miwili.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya wahandisi. La hasha! Mhandisi anajua diski. Kupanga maelezo yakaeleweka ni taaluma ya mwanaisimu. Mjadala wa kuchagua kati ya "tarakilishi" na "kompyuta" umetuchukulia muda mwingi, ilhali istilahi hupimwa ndani ya sentensi inayofanya kazi.

Kwa hivyo, idara za Kiswahili ziukubali mwongozo wa kiufundi kuwa mradi halali wa tafsiri, utahiniwe na mhadhiri wa Kiswahili pamoja na mtaalamu wa tarakilishi. Kipimo kiwe kimoja: msomaji asiyejua Kiingereza aufuate, na faili zake zibaki salama.