Vipaji vya uimbaji viko Turkana, walimu wako Nairobi

Anayesafiri kutoka Nadapal, karibu na mpaka wa Kenya na Sudan Kusini, hadi Nairobi hupitia Lokichoggio, Kakuma, Lodwar na Kitale. Kwa kijana anayetamani kuimba opera, umbali huo ndio kikwazo cha kwanza.

Vipaji havikosekani. Mwanamume wa Kiturkana humwimbia fahali ampendaye hadharani pasipo kipaza sauti, nao wenzake wakamwitikia. Opera nayo hudai sauti ya mtu mmoja ivuke ala zote za okestra na kumfikia msikilizaji wa kiti cha mwisho. Hata hivyo, opera huhitaji miaka ya kufunzwa pumzi, kusoma nota na matamshi ya Kiitaliano na Kijerumani, chini ya mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi mara kwa mara asije akaliumiza koo lake.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, huwafungulia mlango wanafunzi wa mashambani. Lakini tamasha hutuza maandalizi ya msimu mmoja; halimlei mwimbaji. Kenya Conservatoire of Music, iliyoasisiwa mwaka wa 1944, iko Nairobi.

Nchini Afrika Kusini, Pretty Yende alizaliwa mwaka wa 1985 katika mji mdogo wa Piet Retief, akavutiwa na opera aliposikia tangazo la televisheni. Alisomea Chuo Kikuu cha Cape Town, akaendelea katika akademia ya La Scala mjini Milan, na mwaka wa 2013 akaimba kwa mara ya kwanza katika Metropolitan Opera, New York. Kila alipohitimu hatua moja, palikuwa na taasisi ya kumpokea.

Kenya inaye Rhoda Ondeng' Wilhelmsen, anayetajwa kuwa mwimbaji wake wa kwanza wa opera. Swali ni nani atamfuata, na kwa njia ipi.

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, ambako Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu. Pasipo mwalimu wa sauti na piano katika shule za Lodwar na Kakuma, mkondo huo utabaki jina tu kwa mtoto wa Turkana. Basari hulipa karo, haifunzi pumzi. Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi.