Mafuta mu damu: tusingoje mutu aanguke



Tulimuzika mwenzetu, chauffeur ya benne, miaka 47. Asubuhi alianguka mbele ya nyumba, ku Katuba. Jamaa ilisema ni ulozi. Ku lupitalo munganga alipima damu: kolesterole gramu 3 ku litre moja, wakati haifai kupita 2. Moyo ulisimama usiku.

Kolesterole haiumi. Njo ubaya wake. Inaziba mishipa polepole, na mutu anaendelea kutumika. Tunasema ni ugonjwa ya bakubwa, lakini ni sisi tunakaa mu cabine masaa 12, na kisha kazi tunakula michopo na mikate ya mafuta.

Ku nyumba tunaweza kuanza leo: mafuta ya ngazi kidogo mu sombe, maharaki na samaki mara mingi, kutembea, kuacha tumbako. Mwenye kupewa dawa asiiache ju anajisikia muzuri.

Lakini tuseme kweli: bengi banaogopa kupimwa ku kampuni. Banajua mwenye kuonekana mugonjwa, kontra yake inaweza kuisha. Banafika paka wakati wameanguka.

Ju ya ile tunaomba kipimo kifanyike mu quartier, ku santre ya afya, na matokeo ibakie kati ya munganga na mutu. Ba-relais communautaires banajua kila parcelle. Banapita ju ya chanjo ya batoto na moustiquaires. Bafundishwe pia kuuliza baba: tansio yako ulipima lini? Damu je?

Na franga? Code minier ya 2018 inaomba kila kampuni itoe 0,3% ya chiffre d'affaires ju ya maendeleo ya bakaaji. Tusijenge paka kuta. Santre bila réactifs ni nyumba tu. Na Code du travail ya 2002 inasema patron atunze mutumikaji na jamaa yake. Batu ya sous-traitance nabo ni batumikaji.

Sendika italeta ile neno ku meza. Ninyi bamama, mukumbushe mabwana: tunapima gari mbele ya kushuka mu shimo. Tupime na dereva.