Waya wa Taifa, Shimo la Mtaa

Kabro za mbele ya duka langu zimeng'olewa mara tatu katika muda wa miezi 14. Mara ya kwanza walikuja vijana na sururu, wakachimba mtaro wa kina cha goti, wakalaza bomba la plastiki la rangi ya chungwa, wakafukia na kwenda zao. Mara ya pili ilikuwa kampuni nyingine, mtaro hatua moja tu kutoka ule wa kwanza. Mara ya tatu, tarehe 28 Juni, sururu ilitua juu ya lile bomba la chungwa na kulipasua.

Nina saiba ndogo huku Pwani, kompyuta sita na mashine ya fotokopi. Mwenye saiba yeyote Kenya anajua uzito wa tarehe hiyo: zimebaki siku mbili makataa ya kujaza fomu za ushuru yafike. Watu 11 walikuwa wamejibana kwenye benchi, kila mmoja na neno lake la siri kwenye kikaratasi. Saa nne asubuhi intaneti ikakatika. Jirani yangu mkaanga viazi karai aliuza vizuri mno siku hiyo, maana wateja wangu hawakuwa na jingine la kufanya. Nilimpongeza, ingawa si kwa moyo mkunjufu.

Kupata wa kumlalamikia ndiyo ilikuwa kazi. Kampuni iliyokatiwa waya iliilaumu iliyokata. Iliyokata ikatoa kibali. Nilikisoma: muhuri upo, ada ya kila mita imelipwa, lakini hakuna hata mstari mmoja unaosema chini ya kabro zile kumelala nini. Nikaenda kwa diwani, naye akaniambia mambo ya intaneti ni ya Nairobi.

Hakukosea sana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia Serikali ya Kitaifa mawasiliano ya simu na utangazaji wa redio na televisheni. Leseni na masafa ni kazi ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ila jedwali hilohilo limezipa kaunti barabara zao, taa za barabarani na mipango ya ujenzi. Kwa hiyo waya ni wa taifa, lakini shimo ni la mtaa, na mwenye shimo amejifanya mkata tiketi.

Sitaki kaunti zipewe udhibiti wa mawasiliano. Kaunti 47 zikijiandikia kila moja kanuni zake, faiba inayoanzia Mombasa, zilikotua nyaya za SEACOM na TEAMS mwaka 2009, itafika Busia imeshalipishwa kila mpaka. Katiba ililiona hilo: Kifungu cha 209 kinazikataza kaunti kutumia uwezo wa kutoza kwa namna inayodhuru uchumi unaovuka mipaka yao. Kifungu hicho pia kinaziruhusu kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Sasa, aliyelipia mita zile mbele ya duka langu alipewa huduma gani? Ruhusa ya kubomoa?

Huduma ingekuwa hivi: kaunti ichimbe mara moja, ilaze mabomba mapana, kisha ikodishe nafasi humo kwa kila kampuni yenye leseni. Iweke ramani ya kilicho chini, ili mwenye sururu aione kabla ya kuinua mkono. Na ishike amana ya mchimbaji mpaka masika ipite, kwa sababu mtaro uliofukiwa kwa haraka hujulikana mvua ikinyesha: unatitia, kabro zinazama, na mama mwenye mkokoteni wa maji ndiye anayevunjika gurudumu.

Kutoza nyaya zinazopita mitaani, Wamarekani walianza zamani. Sheria yao ya mwaka 1984 inaruhusu serikali za mitaa kuzitoza kampuni za televisheni ya kebo ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya huduma hiyo, na kudai chaneli za wananchi, shule na serikali. Ni mapatano mazuri, ila yana ufa: ada imefungwa kwenye kebo. Watu wakiacha kebo na kutazama kwa intaneti, mapato yanashuka, na barabara inaendelea kubeba nyaya zilezile. Ndiyo maana nataka tutoze nafasi ndani ya bomba, tuachane na kinachopita humo.

Mswada wa Fedha wa kaunti yako ukiletwa kwa umma kutolewa maoni, usiishie kwenye ada za soko na maegesho. Tafuta ada ya kuchimba barabara, usimame, uulize ramani iko wapi. Mimi kabro zangu tatu hazijarudishwa mpaka leo. Moja naizuilia mlango usipigwe na upepo.