NUSU SAA YA ANGA, SIKU NGAPI ZA MATOPE?



Tunapoulizwa: «Toka Goma mpaka Walikale ni mbali namna gani?» wengi wetu tunachukua rula, tunapima juu ya ramani, tunajibu: karibu kilometa 130. Ndege ndogo inayokwenda kilometa 260 kwa saa itafika kwa nusu saa. Hesabu iko sawa. Lakini sisi wa darasa la mwisho tunasema jibu hilo ni la ndege, bado si la watu.

Mtu wa chini anapita Sake, anapanda milima mpaka Masisi, kisha Nyabiondo, ndipo anashuka porini kuelekea Walikale. Toka Goma mpaka Masisi peke yake ni karibu kilometa 80 za barabara. Wakati wa mvua hakuna anayeuliza kilometa; tunauliza: «Ulilala fasi gani njiani?» Hata kitabu cha Yona kinapima mji wa Ninawi kwa siku za mwendo.

Wenzetu wengine wanasema: «Basi tujengewe viwanja vya ndege, mateso yataisha.» Hatukubali. Tazameni Kilambo, kule Walikale. Katika miaka ya 2000 ndege zilitua pale juu ya lami ya barabara yenyewe, kuchukua kasiterite ya Bisie, na magari yakangojea. Mawe hayo yalifikaje pale? Migongoni mwa vijana, kilo 50 kwa mtu, karibu siku mbili porini. Mawe yakapanda ndege. Kijana akarudi kwa miguu. Na mkubwa anayepita angani, ataona wapi daraja la miti lililooza?

Tena kiwanja kinaweza kufungwa siku moja. Cha Goma kilifunikwa sehemu na lava ya Nyiragongo Januari 2002, na Januari 2025 kilifungwa juu ya vita. Vita hufunga barabara pia, hatukatai. Lakini siku ya amani, mama mwenye maharagwe ataipita bila kununua tiketi.

Hatudharau ndege. Zile za MAF zimesaidia wagonjwa wengi katika Kongo. Lakini hata mgonjwa huyo anafika kiwanjani kwa kipoyi, mabegani mwa majirani, katika njia ileile mbaya.

Tuko na maombi mawili. Kwanza, walimu wetu wa jiografia, mkitupa kilometa mtupe na masaa: kwa miguu, kwa moto, kwa gari, wakati wa jua na wakati wa mvua. Pili, wanafunzi wote, salongo ya Siku ya Posho iwe ya kufungua mifereji ya barabara inayopita mbele ya shule. Maji yakikosa mfereji, mvua moja inatosha kuikata. Viongozi wa wanafunzi tutatangulia. Asiye na jembe alete panga.

Kwa niaba ya viongozi wa wanafunzi,
Darasa la mwisho